Stata Inazunguka, Gari Haliwaki

Asubuhi ile nilikuwa nimeshamvisha mume wangu shati na suruali, nimemshusha vidato vya baraza kimoja kimoja, nimemkalisha kiti cha mbele cha gari na kumfunga mkanda. Kazi hiyo peke yake ilikuwa inamaliza sehemu kubwa ya nguvu nilizoamka nazo. Upande wake wa kulia ulikuwa umelala tangu alipopata kiharusi, na ule mkono uliolala ulikuwa unanasa kila mahali: kwenye kitasa cha mlango, kwenye mkanda, kwenye ushungi wangu. Nilipomaliza nilizunguka upande wa dereva, nikakaa kidogo nipumue, nikageuza ufunguo.

Stata ikapiga kwa nguvu, kama siku zote. Gari halikuwaka.

Nikarudia. Ikazunguka tena, ndefu zaidi, mpaka wapita njia wakaanza kugeuka. Halikuwaka.

"Kesho," alisema mume wangu.

Hapa lazima nieleze. Kiharusi kilimwachia neno moja tu, nalo lilikuwa hilo. Daktari alituambia wapo wanaobakiwa na tusi, wapo wanaobakiwa na jina la mtu, na hakuna anayejua kwa nini limebaki hilo na si jingine. Akitaka maji, kesho. Akiumwa bega, kesho. Majirani wakija na "Shikamoo, mzee," anawajibu kesho, nami naitikia marahaba kwa niaba yake. Baada ya miezi kadhaa nilijifunza kuzipambanua: kulikuwa na kesho ya njaa, kesho ya choo, na kesho ya hasira iliyokuwa inatoka puani. Ya asubuhi ile sikuielewa, wala sikuwa na nafasi ya kuielewa. Tulikuwa tunatakiwa hospitali kwenye mazoezi yake, na mhudumu wa pale akikukosa kwenye zamu yako anaita anayefuata.

Nikamfungua mkanda, nikamtoa, nikasimamisha bajaji.

Tulikuwa tunaishi eneo la Gerezani, kwenye nyumba ya zamani ya chini, kati ya gereji na maduka ya spea, na kutoka pale mpaka hospitali si mbali. Lakini bajaji ni chombo cha mtu aliye mzima wa viungo vyote. Kila dereva alipokata kona, mume wangu aliteleza kuelekea upande wake uliolala, na mimi nikawa ndio ukuta wake. Karibu na Msimbazi, pale tuliposubiri basi la mwendokasi lipite, gurudumu liliingia shimoni akanilalia kabisa, uso wake shingoni kwangu, na kwa mkono wake mzima akawa anatafuta cha kushika asikipate. Tulifika tumechelewa. Akapewa mazoezi nusu. Tuliporudi, nilimlaza, nikaenda dukani Kariakoo kuuza zipu na nyuzi huku bega langu likiwaka moto, na mteja mmoja akaniuliza kama nimeamka vibaya.

Jioni nikamwita fundi wetu, mtu wa Kilimanjaro mwenye gereji yake mtaa wa nyuma, ambaye alikuwa akilishughulikia gari letu tangu zamani.

"Inapiga stata?" aliuliza kabla hajafika hata kwenye boneti.

"Inapiga vizuri sana. Haiwaki tu."

"Basi betri tuiache. Mama, gari ikizunguka hivyo halafu isiwake, ama haipati moto ama haipati mafuta. Tutajua tu."

Alitoa plagi moja, akaichomeka kwenye waya wake na kuigusisha kwenye chuma cha injini, akaniambia nipige stata. Nikapiga. Akasema ameuona moto, wa buluu, mzuri. Akarudisha plagi, akajifuta mikono kwenye kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Moto upo. Basi ni mafuta. Una mafuta?"

"Nilijaza juzi."

"Pampu hiyo imekufa. Iko ndani ya tangi, chini ya kiti cha nyuma. Ikifa, gari itazunguka mpaka betri iishe."

Alilisema kwa uhakika wa mtu aliyeshaona magari mengi, nami sikuwa na hamu ya kubishana na mtu yeyote. Kesho yake nilifunga duka mapema tukaenda naye kutafuta pampu ya mtumba. Mtaa kwa mtaa, duka kwa duka, kila mwenye duka ananionyesha pampu na kuniapia kwamba imetoka kwenye gari lililotembea kidogo. Nilikuwa nimevaa kandambili, jua kali, maguta ya magurudumu matatu yanapita na mizigo yao yakitukwangua miguu. Tukapata moja. Fundi akaifunga jioni ile ile. Nikapiga stata.

Ikazunguka. Halikuwaka.

Fundi alisimama ameshika kiuno. Sijui kwa nini, lakini nilimwonea huruma yeye kuliko mimi.

Wakati wote huo mume wangu alikuwa ndani. Dirisha la chumba chake linatazama barabarani, na kila stata ilipopiga alikuwa anapiga kelele, "Kesho! Kesho!" Siku ya kwanza niliingia mara nyingi kumuuliza anataka nini. Maji, anasukuma. Mto, anausukuma. Ananishika mkono na kunivuta, halafu akishanivuta anakosa la kufanya na mimi, ananiachia. Siku ya pili nilifunga dirisha. Nilijiambia nalifunga kwa ajili ya vumbi na moshi wa gereji. Hata kwa dirisha lililofungwa nilikuwa namsikia.

Siku iliyofuata fundi alirudi, hakufungua hata sanduku lake.

"Mama, nikuambie ukweli. Mimi hapa nimefika mwisho. Hii siyo ya mashine tena, ni ya umeme. Nimekuletea mtaalamu wake."

Fundi umeme alikuwa mwanamume mfupi wa makamo, mwenyeji wa Mtwara kama sisi, na tulipotambuana kwa lafudhi alinibadilishia "mama" kuwa "dada." Hakugusa injini. Alifungua kifuniko cha tangi la mafuta, akainamisha sikio pale, akaniambia nifungue ufunguo bila kupiga stata. Nikafanya hivyo.

"Funga. Fungua tena."

Nikafungua tena.

"Kimya," alisema. "Pampu nzima ukifungua ufunguo inalia kidogo, kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo, halafu inanyamaza. Hii hailii kabisa."

"Lakini ni nyingine, tumeifunga jana," alisema yule fundi wa kwanza.

"Najua."

Akang'oa kiti cha nyuma, akachomoa soketi ya pampu na kuigusa kwa kitaa chake kidogo cha kupimia. Hakikuwaka. Akavuta waya mbili kutoka kwenye betri, akazipeleka moja kwa moja kwenye pampu. Tukaisikia sote, mlio mwembamba, ikilia ndani ya tangi.

"Pampu haina kosa, dada. Na ile mliyoitoa huenda nayo haikuwa na kosa. Umeme haufiki."

Fundi wa kwanza alitazama chini.

Fundi umeme akaanza kuufuata umeme ulipopotelea. Fyuzi ilikuwa nzima. Rilei, kile kiboksi kinachopitisha umeme wa pampu, aliitoa, akaitikisa, akajaribisha nyingine, hiyo pia nzima. Alikuwa amepiga magoti kwenye mlango wa dereva, kichwa kiko chini ya usukani, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba itabidi afungue dashibodi yote, na kazi hiyo si ya leo wala ya kesho.

"Kesho!" Sauti ilitoka nyuma yetu.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba. Peke yake. Tangu augue hakuwahi kutoka kitandani mpaka mlangoni bila mtu. Alikuwa amekumbatia fremu ya mlango kwa mkono wake wa kushoto, mguu uliolala umebaki nyuma, kikoi kimefunguka nusu, na jasho linamtiririka kama mtu aliyetoka kubeba magunia. Nilikimbia. Nilidhani ataanguka kwenye vidato. Nikamshika kiunoni, nikamfunga kikoi chake, na sikumwambia neno jema hata moja. Nilimwambia, "Unataka kuniua? Ukianguka hapa nani atakuinua?"

Akawa ananisukuma kuelekea kwenye gari. Nikasema sawa, akae garini, angalau nitamwona. Mafundi wakanisaidia kumkalisha kiti chake cha kushoto, anachokaa siku zote.

Hakutulia hata kidogo. Alipiga kioo kwa kiganja. Alijipinda kuelekea upande wa dereva, lakini upande ule ndio uliolala, na mkono uliokuwa jirani na kiti cha dereva ndio usiotii. Akajaribu kuuvusha ule wa kushoto mbele ya kifua chake, mkanda ukamrudisha. "Kesho, kesho, kesho."

"Mzee anasema tuahirishe mpaka kesho," alisema fundi wa kwanza, akacheka kidogo, kisha akaona uso wangu akaacha.

Nikadhani ni choo. Nikamtoa, nikamburuta mpaka uani, nikamsimamisha chooni. Hakutaka. Tuliporudi kwenye ukumbi alikuwa analia. Machozi yalikuwa yanatoka jicho moja tu, kwa sababu ya ule ugonjwa, na mimi nikakaa naye kwenye mkeka pale pale ukumbini. Mafundi walikuwa nje wanasubiri. Nilikuwa na duka limefungwa. Watoto wetu wako mbali na kazi zao, wanapiga simu kila jioni kuuliza "Baba anaendeleaje," nami nasema anaendelea vizuri. Nikamuuliza tu, bila kutegemea kitu, kama mtu anavyosema na ukuta: "Unajua gari lina nini?"

Aliacha kulia. Akanitazama. Halafu akainua kidevu juu, taratibu, akakishusha.

Ilikuwa mara ya kwanza tangu augue kuona amenijibu. Na labda alikuwa akinijibu siku zote, ila mimi nilikuwa nauliza maji na mto.

"Unataka kukaa wapi? Kwa dereva?"

Kidevu juu, kidevu chini.

Nilisita. Tangu siku aliyoanguka hakuwahi kukaa nyuma ya usukani, nami nilikuwa naogopa siku atakayokaa pale na kujua kwamba hataendesha tena. Nilitoka nikawaambia mafundi. Fundi wa kwanza alisema mzee ataumia. Yule wa Mtwara alijitoa chini ya usukani, akasema, "Gari ni lake. Mpisheni."

Tukambeba watatu. Alipokaa kwenye kiti cha dereva hakushika usukani kama nilivyodhani. Aliteremsha mkono wa kushoto kwenye ule mwanya kati ya kiti na breki ya mkono, akaupenyeza chini ya kapeti, akawa anapapasa huku anatazama mbele barabarani. Uso wake ulikuwa umetulia. Tukasikia kitu kimefanya *tak*.

"Loo," alisema fundi umeme. "Ana swichi!"

Alipitisha mkono wake dirishani, akafungua ufunguo. Nyuma kule, chini ya kiti kilichong'olewa, pampu ikalia na kunyamaza. Akapiga stata. Gari likawaka hata kabla stata haijamaliza mzunguko, na likanguruma kana kwamba hakukuwa na neno.

Yule wa Kilimanjaro alipiga makofi. Wenye maduka ya spea ng'ambo ya barabara wakashangilia kama watu walioona bao. Wote waliniangalia wakitegemea nami nifurahi. Nilichojisikia kilikuwa hasira, hasira ya kuchoka, inayotaka kukaa chini.

Mume wangu alikuwa mtu wa kimya muda mrefu kabla ugonjwa haujamnyamazisha. Kwamba amenunua kiwanja, niliambiwa na mdogo wake. Kwamba amenunua gari hili, nilijua alipoliegesha mlangoni. Hakuwa mbaya, hakuwahi kunipungukia kitu, lakini alikuwa ameishi na mimi kama anaishi na mpangaji mwema. Na sasa hapa kulikuwa na swichi ya kukata mafuta ili mwizi asiliibe gari, ameiweka yeye, amekaa nayo miaka, na mkewe aliyelala naye kitanda kimoja hakuambiwa.

"Wazee wengi wa Kariakoo walikuwa wanafunga hizi," fundi umeme alinieleza, kama anamtetea. "Wizi ulikuwa mwingi. Mwizi anaingia, anapiga stata, haiwaki, anaona watu wanakuja, anakimbia."

"Sasa nani ameizima? Mimi hata sikuijua."

"Gari lilisafishwa karibuni?"

Lilikuwa limesafishwa. Mume wangu alimwaga uji kitini, nami nikawaita waosha magari nyumbani siku moja kabla halijagoma, wakalisugua pale pale lilipoegeshwa mpaka chini ya makapeti. Brashi ya mtu, basi, ndiyo iliyogusa ile swichi, na ilitosha kutupeleka kwenye bajaji na kwenye maduka ya pampu.

"Nikutolee?" aliuliza fundi. "Niunganishe waya moja kwa moja, yasikupate tena?"

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa bado kwenye kiti cha dereva, mkono wake umerudi pajani. Hakutikisa kidevu juu wala pembeni. Nilikuwa na dawa zake za asubuhi na za jioni za kukumbuka, na zamu za hospitali, na mizigo ya duka, na mafuta ya kumchua bega. Sikutaka kukumbuka na swichi.

"Toa," nilisema.

Akaitoa. Kilikuwa kidude kidogo cheusi cha plastiki, kama cha taa ya mezani. Alinipa nikakishika, sikujua nikifanye nini, nikamwekea mume wangu kwenye kiganja chake kizima. Alikitazama. Baadaye kidogo alikiachia kikaanguka kwenye kapeti, na sikujua kama amekitupa au kimemponyoka.

Mafundi walipoondoka nililiacha gari likinguruma, nikamwambia tutembee kidogo, betri ipate chaji. Sikuwa na haja ya kwenda popote. Nilimhamishia kiti chake, tukapita Posta ambako wafanyakazi walikuwa wanatoka maofisini, tukateremka mpaka Kivukoni, nikaegesha karibu na soko la samaki la Feri. Harufu ya samaki iliingia mpaka ndani. Tulikuwa tukija pale yeye na mimi siku za Ijumaa baada ya sala. Kila tulipofika alikuwa ananiambia, "Tangulia, nakuja," mimi nashuka na kikapu, yeye anabaki garini dakika nyingi. Niligeuka mara moja nikamwona ameinama. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimeamua kwamba anazungumza na mwanamke kwenye simu. Sikuwahi kumuuliza, na hilo nalo ni ukimya wangu mimi.

"Ulikuwa unabaki kwa ajili ya ile swichi?" nilimuuliza.

"Kesho," alisema. Hakuinua kidevu.

Nikamwambia basi. Mtu mmoja alikuwa anapita na kahawa, nikanunua vikombe viwili, changu nikanywa, chake nikampulizia mpaka kikapoa, nikamnywesha kwa mafunda madogo madogo huku nimemwekea leso kidevuni. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilitamani mtu mwingine atuendeshe kurudi nyumbani. Tukakaa mpaka vijana wa maegesho wakaja kutudai nafasi.

Tulipokwenda hospitali nilimsimulia yule dada anayemfanyisha mazoezi. Alifurahi kuliko mimi. Akaniambia nimuulize maswali ya ndiyo na hapana, nimwekee vitu avionyeshe kwa kidole, nisimsubiri aseme. Tumekuwa tukifanya hivyo tangu wakati ule. Baadhi ya siku yanatokea makubwa: ndivyo ilivyojulikana kwamba miwani yake haimfai tena, na kwamba hapendi, wala hajawahi kupenda, uji wa ulezi nilioupika miaka yote. Siku nyingine hayatokei.

Juzi mchana alionyesha kabati la nguo. Nikamuuliza shati, akakataa. Kofia, akakataa. Picha, karatasi, tasbihi, akakataa. Nikatoa kila kitu, nikakipanga kitandani mpaka kabati likawa tupu na kitanda hakionekani, na yeye bado ananyoosha kidole kule kule ndani, kwenye mbao. Nilipapasa pembe zote kwa mkono. Hakukuwa na kitu. Mwishowe alichoka akafumba macho, nami sikuwa na nguvu ya kurudisha zile nguo. Nikazisogeza pembeni nikapata nafasi ya kulala, nikalala kando yake katikati ya mashati.